Kura ya Mtazamaji Ni Neno Zito

Katika nchi nyingi imeenea desturi hii: jioni ya mwisho wa juma, jamaa nzima huketi mbele ya televisheni kuwatazama watu mashuhuri wakijifunza kucheza dansi za ukumbini. Mwanasiasa, mwimbaji, mwanamichezo au mtangazaji wa habari hupewa mwalimu stadi wa dansi, hufanya naye mazoezi juma zima, kisha husimama mbele ya waamuzi na mbele ya taifa. Waamuzi hutoa alama, watazamaji hupiga kura, hesabu mbili hizo huunganishwa, na aliye chini huaga. Wanaofuata televisheni ya Ufaransa wanakijua kipindi hicho kwa jina la Danse avec les stars, kilichoanza kwenye TF1 mwezi wa Februari 2011. Chimbuko lake ni Strictly Come Dancing, kipindi cha BBC kilichozaliwa Uingereza mwaka 2004. Na mwaka uliofuata Wamarekani walianzisha chao, Dancing with the Stars. Leo mfano huo umeigwa katika nchi zaidi ya 50.

Hatuandiki ili kukisifu kipindi hicho, wala kukilaani. Tunataka kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo moja lililomo ndani yake, nalo ni maoni ya watazamaji. Huyu anasema, "Fulani ameonewa." Yule anajibu, "Fulani hajui kitu, aondoke." Wa tatu anapiga kura ili kuwakasirisha waamuzi. Mtu anaweza kudhani kwamba maneno hayo ni mchezo tu. Lakini kwa maneno hayo mtu aliyefanya kazi juma zima huondoka au hubaki. Tena jinsi mtu anavyozoea kuhukumu mbele ya televisheni ndivyo atakavyohukumu siku ya kuchagua mwenyekiti wa kikundi, au siku ya mashindano ya kwaya.

Sisi tunashika mambo mawili. La kwanza, mtazamaji ana haki kamili ya kumpenda mshindani asiye stadi kuliko wote. Asitukanwe kwa hilo wala asiitwe mjinga. La pili, mtazamaji hana haki ya kumfanya mshindani kuwa fimbo ya kuwachapia wengine. Kura ya upendo ni halali, hata ikikosea. Kura ya kejeli si halali, hata ikishinda.

Kujua kinachohukumiwa

Anayetaka kutoa maoni aanze kwa kujua anahukumu nini. Sisi Wakongo tuna mfano ulio karibu sana nasi. Katika mashindano hayo kuna dansi iitwayo rumba. Mtu wa kwetu akiitazama, husema mara moja: "Hawa hawajui rumba!" Amelelewa katika rumba ya hapa, ile ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa wanadamu mwezi wa Desemba 2021 kwa ombi la nchi zetu mbili, zilizo ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto. Basi akiona watu wanakwenda polepole, wakinyosha miguu na mikono kwa hatua zilizopimwa, huona kwamba ameibiwa kitu.

Ukweli ni kwamba rumba hizo mbili ni jamaa, ila si mtu mmoja. Zote zina mizizi Cuba, mahali ambapo watumwa waliotolewa Afrika, na kati yao wengi wa Kongo, walihifadhi midundo ya kwao. Kutoka huko sahani za muziki zilirudi kwenye miji yetu katika miaka ya 1930 na 1940, na wanamuziki wetu wakatengeneza rumba ya Kongo. Tawi jingine lilikwenda Ulaya, likaingia mikononi mwa walimu wa dansi, hasa wa Uingereza, nao wakaipangia kanuni: hatua ianzie wapi, kiuno kigeuke lini, goti linyooke vipi. Mwamuzi wa televisheni anapima kanuni hizo, wala hapimi rumba ya Kinshasa. Ukimlaumu mchezaji kwa sababu hakucheza kama kwetu, umemsahihisha mwanafunzi wa jiografia kwa majibu ya historia.

Tunasema hivi kwa kuwa maoni mengi makali huzaliwa hapo. Mtu hajui kwamba katika tango kichwa na mgongo vina sheria yake, au kwamba katika waltz mwili hupanda na kushuka kama wimbi. Anaona mwamuzi ametoa alama 5 kwa dansi iliyomfurahisha, naye anaamua kuwa mwamuzi ana chuki. Huenda chuki ipo kweli. Lakini anayeituhumu sharti kwanza awe ameiona kazi yenyewe na kuijua kanuni yake.

Ametoka wapi, amefika wapi

Tuje sasa kwenye ugomvi mkubwa wa watazamaji, ule unaorudi kila mwaka: je, ashinde aliye bora, au ashinde aliyekua zaidi?

Wamarekani waliuonja ugomvi huo tangu msimu wao wa kwanza, mwaka 2005. Mwigizaji Kelly Monaco, aliyeanza kwa kusuasua, alimshinda John O'Hurley, ambaye wengi walimwona kuwa na madaha zaidi. Malalamiko yalikuwa mengi hata wawili hao wakarudishwa ukumbini mwezi wa Septemba mwaka uleule kushindana tena, na safari hiyo O'Hurley akashinda. Uingereza mwaka 2018, mwimbaji Ashley Roberts alipata alama za juu sana kwa waamuzi, lakini zaidi ya mara moja kura zilimwangusha kati ya wawili wa mwisho. Watazamaji wengi walinung'unika kwamba alikuwa amezoea jukwaa na dansi tangu zamani. Alifika fainali, ila taji lilimwendea Stacey Dooley, mtengenezaji wa filamu za habari, ambaye dansi haikuwa kazi yake.

Wenye kudharau husema: "Tazama, umati haujui ubora." Sisi tuliofundishwa kazi ya ualimu hatuwezi kukubali upesi hivyo. Kila mwalimu ana maswali mawili mbele ya mwanafunzi: amefika wapi, na ametoka wapi? Mtihani wa serikali huuliza swali la kwanza tu, na ni haki yake. Lakini mwalimu anayemfahamu mtoto huuliza na la pili. Yule aliyekuja hajui kusoma, na leo anasoma ukurasa kwa kusitasita, amefanya safari ndefu kuliko mwana wa mwalimu anayesoma kitabu kizima. Mashindano ya dansi ya watu mashuhuri yameyaweka maswali yote mawili mezani kwa makusudi: waamuzi wapewe la kwanza, watazamaji waruhusiwe kujibu la pili. Basi mtazamaji anayempigia kura aliyekua hakukosea hesabu. Amejibu swali lake.

Hata hivyo tujihadhari na huruma ya bei rahisi. Mwaka 2021 Uingereza ilimwona Rose Ayling-Ellis, mwigizaji asiyesikia, akicheza na Giovanni Pernice. Katikati ya dansi yao mojawapo muziki ulinyamazishwa, nao wakaendelea kucheza katika kimya, ili watazamaji waonje kidogo ulimwengu wake. Alishinda taji mwezi wa Desemba. Mwaka 2024 alishinda Chris McCausland, mchekeshaji asiyeona, aliyefundishwa na Dianne Buswell. Fikirini kazi hiyo: kumfundisha dansi mtu ambaye hawezi kukutazama unapomwonyesha hatua, bali hutegemea mguso na maneno. Na Ufaransa mwaka 2019, Sami El Gueddari, muogeleaji mwenye mguu wa bandia, alishinda Danse avec les stars akiwa na Fauve Hautot.

Wako waliosema kwamba watatu hao walipewa kura za huruma. Tunaona kuwa neno hilo linawadhulumu. Waamuzi nao waliwasifu, na waamuzi hulipwa ili wasihurumie. Mtu anayesema "maskini, tumpe tu" hamheshimu mlemavu. Amemwondoa kwenye mashindano na kumweka kwenye sadaka. Anayesema "nimeona alichofanya, nacho ni kizuri" ndiye anayemheshimu. Kura zote mbili zinaweza kuhesabiwa kwa namba ileile, lakini moyoni ni mbali kama kaskazini na kusini.

Mzaha unapovuma

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kinatufundisha kuliko vyote. Mwaka 2008, katika Strictly Come Dancing, alishindana John Sergeant, mwandishi wa habari za siasa aliyejulikana na Waingereza wote. Alikuwa na umri wa miaka 64, mzito wa mwili, mcheshi, na kwa dansi hakuwa na kipaji. Katika paso doble alimburuta mwenzake, Kristina Rihanoff, sakafuni hata watu wakaangua kicheko. Waamuzi walimpa alama za chini, juma baada ya juma. Watazamaji wakamwokoa, juma baada ya juma. Kadiri waamuzi walivyomkemea, ndivyo kura zilivyozidi. Wenzake waliocheza vizuri kuliko yeye waliaga, yeye akabaki.

Mwezi wa Novemba alijitoa mwenyewe. Alieleza kwamba kulikuwa na hatari ya kweli kuwa angeshinda, na kwamba mzaha ukifika hapo umepita kiasi. Wazee walisema: ngoma ikivuma sana hupasuka. Yeye aliisikia ikikaribia kupasuka, akaweka mkono juu ya ngozi yake.

Watu wengi walikasirika. Walisema waamuzi wamemfukuza, kwamba kura ni ya wananchi, na kwamba wao ndio wanaolipa gharama ya simu. Hoja yao tusiitupe. Ni kweli kwamba waamuzi wengine husema kwa ukali usio na lazima, na ukali wa namna hiyo huchochea uasi: mtoto anayefokewa sana, darasa zima humshangilia. Ni kweli pia kwamba kipindi ni cha burudani, na Bwana Sergeant aliwaburudisha watu. Anayempenda mzee anayejitahidi na kucheka udhaifu wake mwenyewe, ana sababu njema ya kumpigia kura.

Lakini si wote waliopiga kwa sababu hiyo. Wengine walitaka tu kuwaona waamuzi wakifura. Hapo ndipo tunaposimama na kusema hapana. Kura ya namna hiyo haimtazami tena mchezaji. Inampita, kama jiwe linalorushwa juu ya kichwa chake kumlenga mwingine. Na anayelipa ni mtu wa tatu ambaye hana kosa lolote: yule mshindani aliyeamka mapema, aliyechubuka miguu, ambaye juma lile aliaga ili watu wapate kumcheka mwamuzi. Hakuna aliyemchukia. Walimsahau tu. Na dhuluma nyingi za dunia hii hufanywa hivyo, bila chuki, kwa kusahau tu kwamba kuna mtu.

Ndiyo maana tunamheshimu John Sergeant. Mtu anayeshangiliwa ni vigumu kusema "basi." Yeye aliwaona wenzake ambao umati haukuwaona.

Miaka miwili baadaye Marekani ilipata kisa kinachofanana nacho, ila chenye uchungu zaidi. Bristol Palin, binti wa mwanasiasa Sarah Palin, alifika fainali mwaka 2010 ingawa waamuzi walimweka chini mara nyingi, na mwimbaji Brandy, aliyekuwa na alama za juu, akatolewa katika nusu fainali. Wengi walidai kwamba wafuasi wa mama ndio waliompigia binti. Hasira ilipanda hata mtu mmoja wa jimbo la Wisconsin akaipiga televisheni yake risasi. Mwishowe taji alilitwaa Jennifer Grey, na binti Palin akawa wa tatu. Sisi hatuwezi kusoma mioyo ya waliopiga kura. Tunajua tu kwamba msichana mwenye umri wa miaka 20 alihukumiwa kwa jina la mama yake, na wale waliomtetea na wale waliomchukia. Ni wachache waliotazama miguu yake.

Kanuni nayo iwe ya kweli

Tusiwabebeshe watazamaji mzigo wote. Mwenye kuomba kura naye ana wajibu. Katika nusu fainali ya Uingereza ya mwaka ule ule wa 2008 walibaki washindani watatu. Wawili, Lisa Snowdon na Rachel Stevens, walilingana kileleni kwa alama za waamuzi, na Tom Chambers akawa chini. Hesabu ikaonyesha jambo la aibu: hata kama nchi nzima ingempigia kura Chambers, asingeweza kuepuka kuwa kati ya wawili wa mwisho. Watu walikuwa wameombwa kupiga kura ambayo haikuweza kumwokoa. BBC ililazimika kuwapeleka wote watatu fainali na kuzihamishia huko kura zilizokwisha kupigwa. Na fainali ilipofika, Chambers akashinda.

Malalamiko ya watazamaji siku ile yalikuwa ya haki. Nao Wamarekani, baada ya mtangazaji wa redio Bobby Bones kushinda mwaka 2018 akiwa na alama za chini kuliko wenzake wa fainali, walibadili kanuni mwaka uliofuata: wawili wa mwisho wapatikane kwa alama na kura pamoja, kisha waamuzi wachague nani abaki. Anayeona kanuni ni mbovu aseme hivyo waziwazi, kanuni itengenezwe. Asiipinde kwa kura ya hila huku akijidai anafuata sheria.

Nasi je?

Vijana wapendwa, mnajua kwamba hatuzungumzii Uingereza na Marekani tu. Mnapoketi kuchagua mwenyekiti, yuko anayemwinua mwenzake asiyefaa ili kumwudhi mlezi. Katika mashindano ya kwaya yuko anayeshangilia kundi fulani kwa sababu tu hapendi kundi la parokia jirani. Yuko anayempa kura kijana fulani kwa kabila la baba yake, na mwingine anayemnyima kwa sababu hiyohiyo. Kila mmoja hudhani kura moja si kitu. Lakini mwenzenu aliyekesha akijifunza sauti ya tatu mpaka koo likakauka, yeye anajua kwamba ni kitu.

Basi tunawaachia njia fupi. Kabla hujatoa maoni, tazama mpaka mwisho. Usimhukumu mtu kwa kipande ulichosimuliwa. Kisha ujiulize unajibu swali gani: ubora, au safari? Ukijibu la safari, useme hivyo, usidai kwamba ni ubora. Kisha umtafute kwa macho yule atakayeondoka kwa sababu ya kura yako, na uone kama unaweza kumwambia sababu yako uso kwa uso. Ukiweza, piga kura kwa amani, hata kama dunia nzima inakupinga. Usipoweza, kura hiyo haifai kupigwa.

Na ulimi ukushinde mara moja tu, ujifunze. Kusema "hakuzisikiliza ngoma, alitangulia mdundo" ni maoni. Yanaweza kumsaidia mtu. Kusema "ana mwili kama gunia" si maoni juu ya dansi. Mchezaji anaweza kurekebisha hatua juma lijalo. Mwili na uso hakujipa mwenyewe. Anayesimama mbele ya watu kufanya jambo asilolijua, akiwa tayari kuanguka mbele ya macho yote, amekwisha kutenda jambo ambalo wengi wetu tulioketi hatungethubutu. Tumkosoe, ndiyo, kwa maana naye aliomba kupimwa. Ila tumkosoe kama watu wanaojua kwamba zamu yetu ya kusimama itafika.

*Maswali ya kujadiliana kikundini*

1. Katika kikundi chetu, ni lini tunapaswa kutazama ubora, na ni lini safari ya mtu? Toeni mfano wa kila kimoja.

2. Je, John Sergeant alifanya vema kujitoa, au aliwadharau waliompigia kura? Kila upande useme sababu zake, na usikilize za upande wa pili mpaka mwisho.

3. Kuna kanuni gani katika uchaguzi wetu au mashindano yetu ambayo haiko wazi? Tuirekebishe namna gani kabla ya siku ya kura?